Mume Wangu wa Ng'ambo ya Songwe

Jumapili, 1 Julai 2012

Kahawa ya upande wa mfereji imeanza kuwa nyekundu. Baada ya ibada nilipita na kikapu kidogo nikachuma zile za mwanzo. Binti yangu Anjela alinisaidia mpaka alipokumbuka kwamba kesho ana jaribio la kemia, akanawa mikono akaingia ndani. Baba yake alikuwa bado kanisani na kwaya. Mashindano ni Novemba, naye amewapa wimbo mgumu, wenye mahali sauti ya tatu inapanda na wanaume wetu wa Meru hawataki kupanda. Kutoka shambani nilimsikia akiwakatiza, akiimba mwenyewe, akiwaanzisha upya.

Daftari la zamani limejaa, nimefungua hili. Msimu huu ni mzito. Darasa la saba wana mtihani Septemba, Anjela ana wake wa kidato cha nne Oktoba, na kahawa haimsubiri mtu.

Alhamisi, 12 Julai

Baridi. Ukungu umekaa mlimani hadi mchana. Nimefundisha na koti.

Jumatatu, 30 Julai

Walimu tumegoma. Nimeshinda nyumbani nikimenya kahawa, na wanafunzi wangu wawili wamekuja kusimama uani kumtazama mwalimu wao akizungusha mashine. Nikawaambia wasaidie au waondoke. Wakaondoka.

Jumatatu, 6 Agosti

Tulikuwa tunakula, redio imewashwa. Taarifa ya habari ikasema serikali imezitaka kampuni zinazotafuta mafuta na gesi Ziwa Nyasa zisimamishe kazi. Malawi ndiyo iliyozipa kibali. Malawi inasema ziwa lote ni lake mpaka kwenye mchanga wa ufukwe wetu, sisi tunasema mpaka unapita katikati ya maji. Msomaji alipomaliza, mume wangu Anyosisye aliacha kula. Akanyanyuka akazima redio, akarudi kukaa, akalitazama tonge mkononi kama amesahau lilifikaje pale.

Naandika hapa jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Huku Nkoaranga kila mtu anamjua mume wangu kama Mnyakyusa wa Kyela. Si wa Kyela. Ni Mngonde wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Lugha yao na Kinyakyusa ni kama kitu kimoja na majina ni yale yale, kwa hiyo alipofika Arusha mwaka 1993 na mkandarasi aliyekuwa akijenga mahoteli, watu wenyewe walimhesabu kuwa wa Kyela, naye akawaacha wakosee. Kaka yangu Philemoni anajua. Mchungaji aliyetufungisha ndoa alijua, sasa ni marehemu. Kibali cha kuishi alikuwa nacho kikaisha, akakiongeza, kikaisha tena. Hakuna aliyekuja kuuliza, nasi tukazoea kutoulizwa.

Jumanne, 7 Agosti

Mgomo umekwisha, tumerudi kazini. Darasa la sita, jiografia. Nilikuwa nimetundika ramani ukutani. Simaloi, binti wa mbele kabisa ambaye hakosi swali, akasimama.

"Mwalimu, hii ramani mstari uko ufukweni kwetu. Ile ya ofisini mstari uko katikati ya ziwa. Kwenye mtihani tujibu upi?"

Niligeukia ramani, nikaweka kidole ziwani.

"Katikati," nikasema. "Andikeni katikati."

Jioni nikamwambia Anyosisye. Alicheka, mara ya kwanza tangu jana. "Sisi tulifundishwa uko mchangani kwenu," akasema. "Aliyekosea alichapwa."

Jumatano, 8 Agosti

Nane Nane. Philemoni amekuja kutoka kwenye maonyesho amechangamka, harufu ya pombe ya mbege imemtangulia. Kaka yangu alipigana Uganda akiwa kijana, na vita ile haijamtoka. Alikaa kwenye ngazi zetu akatangaza kwamba jeshi letu likiingia asubuhi, jioni watakuwa wamekwisha. Anyosisye alikuwa anapiga randa mguu wa kiti.

"Shemeji," Philemoni akamwambia, "mimi nakupenda, unajua. Lakini chukua uraia. Mambo yakiharibika nitakuficha wapi?"

"Kwani nimeiba?"

"Sijasema umeiba. Nimesema chukua karatasi uwe mtu wa hapa."

"Mama yangu yu hai, Philemoni. Nikichukua hiyo karatasi lazima niirudishe ile ya nchi yake. Nitamwambiaje?"

Philemoni akatikisa kichwa akaondoka bila kuaga. Nilikasirika na wote wawili. Mmoja kwa alivyosema, mwingine kwa alivyojibu.

Jumanne, 28 Agosti

Sensa imefika kwetu. Karani alikuwa Theresia, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, na alifuatana na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Elisaria, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha nyumba. Nikawapa viti na chai. Elisaria angeweza kuondoka lakini alipenda chai. Theresia alianza vizuri, jina, umri, ndoa. Kisha akafika kwenye uraia.

Nilijibu kabla ya mume wangu. "Mtanzania. Aliyezaliwa Kyela."

Theresia akaanza kuandika. Anyosisye akaweka kikombe chini.

"Dada Theresia, samahani. Andika Malawi. Nimezaliwa Karonga."

Kalamu ikasimama. Elisaria akanitazama mimi, si yeye. Mzee huyu alimsimamia Anyosisye alipojenga karakana yake ya useremala Kikatiti, alimpa kazi ya kutengeneza madawati ya shule, na miaka yote hii alikuwa akimtania kwa utani wa Wanyakyusa na ndizi zao.

"Malawi," Elisaria akasema polepole. "Malawi hii hii?"

"Ndiyo, mzee."

Theresia akaandika, akamaliza maswali haraka, hakugusa chai. Walipotoka nilimfuata mume wangu jikoni.

"Kwa nini? Leo? Mbele ya Elisaria?"

"Waliniuliza."

"Waliniuliza mimi! Nilishajibu!"

"Ndiyo maana," akasema. "Ulijibu kana kwamba mimi sipo. Miaka yote watu wamekosea wenyewe, na nimewaacha. Lakini sijawahi kusema kwa mdomo wangu kwamba sikuzaliwa na mama yangu. Na wewe usinisemee hivyo."

Nilikwenda kugeuza kahawa kwenye kichanja ingawa ilikuwa haihitaji kugeuzwa.

Jumapili, 2 Septemba

Kanisani watu wametusalimia kama kawaida, ila kila salamu ilikuwa fupi kidogo. Au masikio yangu yamekuwa makali.

Jumatano, 5 Septemba

Mtu ameandika kwa mkaa kwenye mlango wa karakana: RUDI ZIWANI KWENU. Anyosisye alifuta, akaupiga mlango msasa, akaupaka rangi. Mteja mmoja amekuja kuchukua mbao zake kabla kabati halijaanza kutengenezwa. Alisema amepata fundi wa karibu zaidi. Anyosisye alimsaidia kuzifunga kwenye pikipiki.

Jumapili, 9 Septemba

Wazee wa kanisa wamemwita Anyosisye baada ya ibada. Wamemwomba apumzike kufundisha kwaya mpaka hali itulie. Walikuwa wapole, mmoja alimshika mkono muda wote. Akawauliza hali gani. Wakasema hali hii. Akawakabidhi vitabu vya nyimbo.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Tulipofika kwenye daraja la mfereji akaimba ile sauti ya tatu peke yake, yote, mpaka mwisho, wala hakuiimba kwa nguvu. Nilisimama nikamngoja.

Alhamisi, 13 Septemba

Anjela ameomba asiende shule leo. Hajasema sababu. Nimembana, akasema wamempachika jina, wanamwita Kamuzu, kama yule rais wa zamani wa Malawi. Amekwenda, lakini kwa kunifurahisha mimi.

Jumanne, 18 Septemba

Maofisa wawili wa uhamiaji wamekuja. Mwanamume na mwanamke, wametoka mjini, wamevaa vizuri, wakanisalimia "shikamoo mama." Walikwenda kwanza karakana, kisha wakaja naye hapa. Waliomba pasipoti na kibali. Pasipoti ni hai. Kibali kimekufa muda mrefu.

Yule mwanamke alieleza bila ukali. Kuishi bila kibali ni kosa. Kwa kuwa ana mke na mtoto hapa, hawatamchukua leo, lakini afike ofisini kwao Arusha kila wiki, na shauri lake litaangaliwa upya. "Ila asisafiri," akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye uamuzi. "Akitoka nje ya nchi kabla halijaisha, akirudi mpakani atakuwa kama mtu asiyewahi kuishi hapa. Na kwa hali ilivyo sasa, mama, watamrudisha."

Nikauliza nani aliwaambia. Yule mwanamume akafunga faili. "Raia mwema," akasema.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimefanya jambo ambalo mwalimu hafanyi. Kwenye chama cha msingi, tunakouzia kahawa, watu wamepanga foleni na magunia, nilimwona Elisaria karibu na mzani. Miguu ilinipeleka.

"Mzee Elisaria, umekunywa chai yangu ukaenda kutuuza uhamiaji."

Mzani ukaachwa. Elisaria alivua kofia. "Mama Anjela, sijaenda popote."

"Ni nani basi? Theresia amekula kiapo cha siri cha sensa. Ulikuwa wewe tu."

"Nimesema sijaenda." Sauti yake ilitetemeka, na mimi nikaona ni ya mwongo. "Nilikasirika, hilo kweli. Miaka yote hiyo mnakula kwangu, nakula kwenu, hamkuniambia. Lakini sijaenda."

Nikamgeuzia mgongo. Watu walinipisha nipime kwanza, kwa kuniogopa nadhani. Nimerudi nyumbani nikitembea kwa kujivuna. Anyosisye hakupendezwa. "Una uhakika?" aliniuliza. Nikasema nina uhakika.

Ijumaa, 28 Septemba

Amekwenda mjini kuripoti. Amerudi. Kahawa nyingi, mikono inauma.

Alhamisi, 4 Oktoba

Simu kutoka Karonga. Mama mkwe ameanguka, hasemi. Redio nayo inasema mazungumzo ya nchi mbili yamevunjika, Malawi imejitoa. Nimezima.

Jumatatu, 8 Oktoba

Anjela ameanza mtihani. Nimemkaangia mayai. Baba yake amemsindikiza hadi barabarani, akarudi akakaa na simu mapajani.

Jumatano, 10 Oktoba

Mama mkwe amefariki leo asubuhi.

Nilikuwa darasani. Anyosisye hakupiga simu, alikuja mwenyewe hadi shuleni, akasimama nje ya dirisha na fulana ya kazi yenye vumbi la mbao. Nilipomwona nikajua. Nilimwachia darasa Theresia. Tulitembea hadi nyumbani kwa njia ya juu, ile yenye mteremko mkali, kwa sababu haina watu. Hakulia. Alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akichemsha mchele wa Kilombero uliovushwa Songwe kwa siri kutoka Tanzania, na akisikia askari wanapita anakalia sufuria. Alicheka katikati ya hadithi, kisha akakaa chini kwenye nyasi.

"Watazika Jumamosi," akasema. "Nikitoka kesho alfajiri nafika."

"Wamesema usisafiri."

"Najua walivyosema."

"Ukitoka hawatakurudisha. Anyosisye, nisikilize. Hawatakurudisha. Anjela yuko katikati ya mtihani. Mimi nitabaki na nini? Mama ameshakufa, hatajua kama ulikuwepo."

Nilijisikia nikisema hivyo na nilitaka kurudisha maneno. Hakukasirika. Akasema, "Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume, Ndeshi. Mtu wa kwanza kutupa udongo ni mimi. Ningekuwa Mmeru ungeniambia nisiende?"

Nikasema hapana.

Tulifika nyumbani tukamkuta Philemoni ameketi kwenye ngazi. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amevaa koti lake la jeshi, lile la zamani, amelipiga pasi. Hakunuka pombe. Alisimama akampa mume wangu mikono yote miwili.

"Pole, shemeji."

"Asante."

"Unaondoka lini?"

"Alfajiri."

Nilingoja Philemoni amzuie. Nilimwombea amzuie. Badala yake akasema, "Ukoo wetu hauwezi kumwachia mkwe azike mama yake peke yake, watatuona watu gani. Baba angekuwepo angekwenda yeye. Nakwenda mimi."

"Huna pasipoti," nikamwambia.

"Nitaomba hati ya dharura Mbeya. Wakininyima nitasimama darajani nimngojee."

"Kaka, wewe? Si ulisema jeshi likiingia asubuhi?"

Alitazama viatu vyake. "Nilisema," akajibu. "Huu ni msiba."

Tukakubaliana Anjela asiambiwe mpaka amalize mitihani. Aliporudi jioni alimtazama baba yake, akatazama begi mlangoni, akasema, "Bibi?" Ndipo Anyosisye akalia. Anjela alimshika kichwa kama yeye ndiye mkubwa. Kesho ana hisabati.

Alhamisi, 11 Oktoba

Wameondoka.

Jumamosi, 13 Oktoba

Philemoni amepiga simu. Wamezika. Mbeya walimpa hati. Sauti yake ilikuwa mbali na nyuma yake watu wanaimba. "Ndeshi, ziwa hili ni kubwa," alisema, kisha simu ikakatika.

Jumatatu, 15 Oktoba

Sijachuma. Kahawa inadondoka.

Jumatano, 17 Oktoba

Anjela anasema mtihani wa jana ulikuwa rahisi. Sijui kama ni kweli.

Ijumaa, 19 Oktoba

Philemoni amerudi peke yake.

Nilimwona akipanda njia na begi moja. Nilikuwa najua, Anyosisye alishapiga simu jana, lakini mwili ulikuwa bado unatafuta mtu wa pili nyuma yake. Nilimpa maji, nikamwacha apumue.

Alieleza kwa utaratibu. Darajani, upande wetu, ofisa aliingiza jina la shemeji kwenye kompyuta, akamuuliza anaishi wapi, kwa kibali kipi. Anyosisye alisema ukweli. Ofisa akamwambia arudi kwao mpaka shauri lake la Arusha litakapokwisha. Philemoni alipiga kelele, akaonyesha kadi yake ya askari mstaafu, akaambiwa, mzee, usijiletee matatizo. "Shemeji aliniambia nenda, Anjela yuko peke yake na mama yake. Akageuka akatembea. Nilimtazama mpaka akafika upande wa pili."

Kisha akaanza kusimulia mazishi, nami nikamwacha kwa sababu nilitaka kusikia. Walimkalisha mbele na wazee. Walimletea maji ya kunawa kabla ya chifu wao. Kijana mmoja alipojua kwamba ni askari wa Tanzania alimuuliza kama kweli watakuja kuwapiga, na baba mkwe, mzee asiyeona vizuri, akamkemea kijana, akasema huyu ametoka mbali kuzika mke wangu, mpe samaki. "Nilikula samaki wao," Philemoni akasema. "Nilishindwa hata kumwambia yule kijana hapana."

Akaanza kukunja na kukunjua kofia.

"Ndeshi. Usimchukie Elisaria."

"Kwa nini?"

"Hakwenda yeye."

Nilielewa kabla hajasema, lakini nikamngoja aseme.

"Kuna mtu nilikuwa naye jeshini, yuko uhamiaji. Nilikwenda kumwambia, nina shemeji wa Malawi, kichwa kigumu, hataki uraia. Nilitaka wamtishe kidogo. Achukue uraia, tumalizane na haya. Sikujua wataandika. Nilimwambia ni mazungumzo tu."

"Ulimwambia lini?"

"Baada ya sensa. Watu walikuwa wananiuliza kila mahali, kumbe shemeji yako ni Mmalawi, na wewe ulijua? Niliona aibu."

"Na ukakaa hapa kwenye ngazi zangu. Ukampa pole. Ukasafiri naye siku nzima kwenye basi."

"Nilimwambia," akasema. "Baada ya kuzika. Nilimwambia yeye kwanza."

"Alisema nini?"

"Alinipa blanketi, maana kulikuwa na upepo."

Nilisimama nikamwonyesha njia. Sikupiga kelele. Ni kaka yangu mkubwa, na sijawahi hata kumjibu vibaya, na leo nilimfukuza uani kwa kidole. Alikwenda. Anjela alikuwa mlangoni amesikia yote.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya ibada nilimngoja Elisaria nje, mahali watu wote wanapopita, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Nikapiga goti kidogo, nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nilikusingizia. Nisamehe."

Nilidhani atanipita. Akasema, "Marahaba. Mzani ule siku hiyo ulinionea sana, watu walikuwa wananitazama kuliko magunia." Kisha, "Kuna barua yoyote uhamiaji wanataka kutoka kwangu?"

Nikamwambia wanataka utambulisho wa mwenyekiti kwamba ameishi hapa, ana mke, ana kazi, hana kosa jingine.

"Nitaipeleka mwenyewe," akasema. "Nikituma mtu itachelewa."

Jumatatu, 29 Oktoba

Anjela amemaliza mtihani. Amelala mchana wote.

Jumatatu, 5 Novemba

Mvua za vuli zimeanza na kahawa iko kichanjani. Tumekimbia na maturubai, mimi na Anjela. Nusu imelowa.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimerudi shuleni nikakuta safu za juu zimechumwa, kikapu kimejaa kimewekwa kwenye kivuli cha migomba, kimefunikwa jani. Anjela anasema ni mjomba. Hakuingia uani.

Ijumaa, 9 Novemba

Tena.

Jumapili, 18 Novemba

Kwaya imeshindana. Hawakupata kitu. Mmoja wao, mwanamume mzima, amekuja kuniambia kwamba walifika pale pa kupanda wakaangaliana. Ameomba namba ya simu ya mwalimu wao. Nimempa.

Jumatano, 21 Novemba

Elisaria amekwenda mjini kwa mara ya tatu. Wamemwambia shauri limesikilizwa. Anyosisye alipe faini ya kukaa bila kibali, aingie kwa pasi ya mgeni, kisha aanze upya akiwa ndani. Nimemuuliza Elisaria mgeni wa nani. Akasema hivyo ndivyo inavyoitwa.

Jumamosi, 1 Desemba

Philemoni bado anachuma. Leo niliacha chai kwenye ukuta wa mawe mwisho wa shamba. Nilipopita jioni kikombe kilikuwa kimeoshwa. Sijamsemesha.

Jumamosi, 8 Desemba

Shule zimefungwa jana. Mimi na Anjela tunasafiri kesho. Nimempelekea Philemoni ufunguo wa nyumba. Alikuwa anapasua kuni. Nikasema, "Ng'ombe wanywe mara mbili." Akasema, "Watakunywa." Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Jumanne, 11 Desemba, Karonga

Miaka kumi na saba ya ndoa na sijawahi kufika hapa. Kila mwaka kulikuwa na sababu, mtoto mdogo, mitihani, kahawa. Naona sasa kwamba sikutaka kuona mahali ambapo mume wangu si mgeni.

Alitungoja kituo cha basi. Amekonda na amechomwa na jua. Anjela alimkimbilia, mimi nilitembea nyuma na mabegi. Ananuka moshi wa samaki.

Wanawake wa nyumbani walinipokea kwa vigelegele kama bibi harusi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Walinipa mwiko, nikasonga ugali wao laini, wakacheka jinsi ninavyokaza mkono. Baba mkwe alinishika vidole kimoja kimoja. Anasema Kiswahili kidogo alichokiokota akifanya kazi Mbeya ujana wake. "Umechelewa," aliniambia, bila lawama.

Kaburi liko chini ya kilima na ziwa linaonekana lote. Nililitafuta lile jambo ambalo redio inaligombania. Niliona maji tu, na wanawake wanafua. Nilimwomba mama mkwe msamaha kimoyomoyo kwa kile nilichosema njiani siku ile aliyofariki.

Alhamisi, 13 Desemba

Anyosisye anamsikiliza baba yake sana. Nimemuuliza waziwazi kama anataka kubaki. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilishukuru kwamba alifikiri.

"Nataka kwenda na kurudi," akasema. "Hicho tu. Kwenda na kurudi bila kuogopa. Sijui ni nchi gani ina karatasi ya hivyo."

"Na Philemoni?"

"Amenifukia mama yangu vizuri, alishika koleo mpaka mwisho. Na alinichongea. Vyote viwili ni yeye. Nikifika nitakwenda kwake kunywa chai. Sitaagiza mbege."

Jumamosi, 15 Desemba, Kasumulu

Tumevuka. Mvua ilikuwa nyepesi, Songwe umejaa, una rangi ya matope. Daraja ni fupi. Nilidhani litakuwa refu.

Ofisini, upande wetu, ofisa alikuwa kijana wa rika la walimu wangu wa mazoezi. Anjela na mimi tulipita bila swali. Anyosisye akatoa pasipoti, risiti ya faini, na barua kutoka Arusha. Kijana alisoma yote mara mbili. Aliingia chumba cha ndani, akakaa huko mpaka Anjela akanishika kiwiko kwa kucha. Akarudi na mhuri.

"Pasi ya mgeni, miezi mitatu," akasema. "Unakwenda Arusha?"

"Ndiyo."

"Kumtembelea nani?"

Nilimwona mume wangu akitazama kaunta, mhuri, dirisha, malori yaliyopanga foleni. Nikaogopa kwamba atagoma, atasema jambo litakaloturudisha. Mimi nilifumba mdomo.

"Mke wangu," akasema.

Kijana akainua macho. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Ofisa alinitazama mimi, begi langu, miguu yangu yenye matope ya Karonga, na binti aliyesimama kati yetu mwenye uso wa baba yake.

Akagonga mhuri. "Karibu Tanzania, mzee," akasema, akamwita mtu aliyefuata.

Tukatoka kutafuta gari la Mbeya.